Mawaridi ya kuendana kwa harusi ya watu hamsini, Kigoma

Swali lenyewe kwa kifupi: dada mmoja wa Mwanga, Kigoma, anaolewa Jumamosi mwezi wa tisa, ndoa inafungwa nyumbani kwao Ujiji baada ya Alasiri, halafu jioni kuna hafla ya watu hamsini kwenye bustani ya hoteli kando ya ziwa. Gauni lake ni krimu, wasimamizi wake wawili wanavaa damu ya mzee, na anataka mawaridi mekundu yaendane na nguo za wasimamizi kila kona, mkononi, mezani, kwenye keki, mpaka kwenye koti la bwana harusi. Anauliza anunue mangapi, ayatoe wapi, afanyeje yasinyauke kabla wageni hawajafika, na kama achanganye na ya plastiki.

Mdogo wangu, hongera sana, na hongera pia kwa kusimamia hiyo hamsini maana najua ndugu wa Ujiji na Mwanga walivyo wengi na najua kamati inavyoweza kukukalia kooni uongeze kadi. Kwa upande wa maua harusi ndogo ni neema. Kwenye ukumbi wa watu mia tano maua yanaonekana kwa mbali tu, watu wanaona rangi, basi. Kwako wewe kila mgeni atakaa karibu na ua kiasi cha kulishika, ataona jani lililoungua, ataona petali yenye doa, atainama kunusa. Kwa hiyo hela iende kwenye ubora, sio kwenye wingi, na hii naomba uishike hata wakija watu na mawazo ya tao kubwa la maua mlangoni.

Sasa nianze na hiyo nyekundu maana hapo ndo sikubaliani na wewe. Nguo ya damu ya mzee na waridi jekundu la kawaida ni nyekundu mbili tofauti, moja imeelekea kwenye zambarau na kahawia, nyingine imechangamka, na ukiziweka pamoja mkononi mwa msimamizi haziendani, zinagombana, yaani mtu ataangalia atahisi ulitafuta rangi ya nguo ukaikosa. Ungekuwa hujajaribu kabisa kuzilinganisha isingeonekana. Na hata ukibahatika kupata mawaridi ya damu ya mzee yenyewe, ukiyaweka juu ya nguo ya rangi hiyo hiyo yatapotea, kwenye picha utaona mikono imeshika majani.

Kuna la pili ambalo watu wengi hawalifikirii, mwanga. Hafla yako ni jioni. Kigoma jua linachelewa kuzama kuliko Dar, linazama karibu saa moja kule nyuma ya milima ya Kongo, na kabla halijazama utapata ile nuru ya dhahabu ambayo kila kitu kinapendeza, mekundu yako yatawaka kabisa. Ila baada ya Magharibi macho ya binadamu yanapoteza nyekundu mapema kuliko rangi nyingine, mwanga ukipungua nyekundu nzito inaonekana nyeusi. Meza zako sita zenye mawaridi mekundu matupu, saa mbili usiku chini ya taa za bustanini, zitakuwa na mabonge meusi katikati, na simu za watu hazitaokoa kitu kwenye picha. Rangi zinazobaki hai usiku ni krimu, pinki iliyopauka, pichi, nyeupe.

Nyeupe nayo nakukataza, na sababu ni gauni lako. Krimu ikikaa karibu na nyeupe ya theluji inaonekana ya njano, kama nguo iliyokaa kabatini miaka. Shada jeupe pee mbele ya gauni krimu linaliharibia gauni, na gauni ndo umelilipia zaidi.

Kwa hiyo mimi ningekupangia hivi. Chagua waridi moja la krimu liwe ndo uti wa harusi nzima, na liwepo kila sehemu bila kukosa, kwenye shada, kwenye koti, mezani, kwenye keki. Waridi la pili liwe pinki iliyopauka, hili linaunganisha krimu na nguo za wasimamizi. La tatu ndo hilo la damu ya mzee, lakini dogo kwa idadi, la kutia uzito tu. Maua ya harusi yanatakiwa yafanane kama ndugu wa tumbo moja, ukiwaona unajua mama yao ni mmoja lakini hakuna aliyevaa sura ya mwenzie. Ukirudia mpangilio ule ule, rangi ile ile, saizi ile ile kwenye kila meza na kila mkono, macho yanachoka kabla ya chakula.

Na unapoagiza usiseme tu nataka krimu, sema nataka krimu ya aina moja. Hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mawaridi ya biashara yana majina, kwa mfano Vendela ni krimu, Sweet Avalanche ni pinki ya kupauka, na kila aina ina ukubwa wake wa kichwa na spidi yake ya kufunguka. Ukichanganyiwa krimu za aina mbili, Jumamosi moja itakuwa imefunguka wazi na nyingine bado imefumba, na rangi zake moja imeelekea njano nyingine imeelekea kijani. Muuzaji asipojua jina la aina usimkatae, mwambie tu yote yatoke kwenye boksi moja la shamba moja.

Idadi. Shada lako maua 20, krimu kumi, pinki saba, damu ya mzee matatu. Wasimamizi wawili maua 8 kila mmoja, nusu krimu nusu pinki, lile la damu ya mzee usiwape kabisa kwa sababu niliyosema, nguo yao inatosha kuwa ndo hiyo rangi. Ua la koti ni matano, la bwana harusi na la akiba lake, la besti anayemsimamia, la baba yako na la baba mkwe. Keki matano. Meza sita za wageni, maua saba kila meza, krimu manne, pinki mawili, damu ya mzee moja, jumla 42. Meza kuu 15. Ukijumlisha unapata 103, halafu ongeza ya akiba maana yapo yatakayovunjika shingo na yapo yatakayofika na madoa. Maua mengi ya mashambani yanafungwa ishirini ishirini, kwa hiyo agiza mafungu sita: matatu krimu, mawili pinki, moja damu ya mzee. Hiyo ni 120 na unabaki na 17 mkononi. Mpambaji akikwambia watu hamsini wanahitaji mawaridi mia tatu, muulize yanaenda wapi moja moja, akushikishe.

Kuhusu kuyapata, mawaridi ya kukata hapa nchini yanalimwa zaidi Arusha na Kilimanjaro kwenye baridi ya milimani, na wauzaji wa Dar wanayapata huko huko na mengine Kenya. Kigoma tuko mita kama 775 tu juu ya usawa wa bahari, joto, waridi la bustanini kwa mtu linatoa ua zuri lenye harufu kuliko hata hayo ya shamba ila shina fupi, na ukilikata linamwaga petali haraka. Usiyadharau lakini, nitayarudia chini. Njia nzuri ni ndege kutoka Dar, uliza ratiba mapema na ukate mpango wa mzigo ufike Alhamisi. Basi linawezekana, boksi likiwa limefungwa vizuri, treni hapana, Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka hapa na maua hayasubiri.

Kama yanakuja kwa basi sikiliza hapa. Mwambie anayefunga ayalaze makavu ndani ya boksi la karatasi ngumu lenye matundu, kila fungu limeviringishwa gazeti, na chupa za maji yaliyogandishwa zimefungwa nguo ziwekwe upande wa mashina, barafu isiguse petali maana itaziunguza zitoke madoa ya kahawia. Na boksi lisikae jirani na ndizi mbivu wala maembe. Matunda yanayoiva yanatoa hewa inaitwa ethilini, huioni na huinusi, ila ndo hiyo inayoambia ua lizeeke, na mabasi yetu ya huku unayajua, chini kuna mikungu, juu kuna vikapu. Hiyo hiyo ni sababu ya kutoweka mawaridi kwenye friji ya nyumbani yenye matunda. Friji ya soda pale dukani kwa jirani ni nzuri zaidi, mradi isigandishe.

Yakifika Alhamisi utayaona yamelegea, usipaniki, yana kiu tu. Toa yale majani yatakayozama majini, yote, maana jani likioza ndani ya maji linaleta bakteria na bakteria ndo wanaoziba shina. Miiba itoe kwa kitambaa kizito unashusha mkono toka juu, usitumie kisu kukwangua ngozi ya shina. Petali za nje kabisa zile zilizosinyaa na zenye kijanikijani, zile ni za kulinda tu, chomoa moja au mbili, ua linabadilika hapo hapo unaliona linakuwa jipya. Halafu kata shina sentimita mbili kwa mshazari, kwa kisu kikali, mkasi butu unabana mishipa ya shina, na ukate shina likiwa ndani ya beseni la maji ili hewa isiingie. Moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, sehemu yenye giza na ubaridi, usiku mzima.

Maji yenyewe ndo penye jambo la Kigoma hasa. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, yaani kinyume cha uchachu, kipimo chake cha pH kiko karibu 9, na waridi linakunywa vizuri maji yenye uchachu kidogo. Ukiweka maji ya ziwa matupu utashangaa vichwa vinainama siku ya pili na maji bado yamejaa kwenye ndoo. Tia ndimu. Kwa lita moja ya maji weka vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu au limau, kijiko kimoja kikubwa cha sukari, na robo kijiko cha chai cha jiki. Ndimu inaleta uchachu, sukari ni chakula, jiki inaua bakteria. Changanya ndani ya maji mengi, usimimine jiki na ndimu kwenye kikombe kimoja vikiwa vikali, inatoka hewa mbaya ya kuchoma kifua. Badilisha maji Ijumaa na ukate tena kidogo mashina. Ua likikataa kabisa kuinua shingo, likate tena, livishe gazeti shingo iwe imenyooka, lizamishe shina lote kwenye maji ya uvuguvugu saa moja hivi, mengi yanarudi.

Kujua kama umeuziwa ua bichi au la siku nyingi, shika kichwa chake kwa vidole viwili pale chini petali zinapoanzia, ubonyeze taratibu. Likiwa gumu ni jipya. Likibonyea kama halina kitu ndani, hilo limezeeka hata kama kwa juu linang'aa. Fanya hivyo mbele ya aliyekuletea, kabla hujamalizia hela.

Meza unaweza kupanga Ijumaa jioni. Shada na maua ya koti ni Jumamosi asubuhi, sio kabla.

Shada lenyewe, kama mdogo wako au rafiki yako ana mkono mzuri mnaweza mkafunga wenyewe, halihitaji mashine. Shika waridi la krimu lililonyooka kwa mkono wa kushoto, kwa vidole gumba na shahada, kiasi cha chini kidogo ya katikati ya shina. La pili liweke kwa mshazari juu ya la kwanza, la tatu mshazari huo huo, na kila ukiweka moja zungusha shada kidogo mkononi kuelekea upande mmoja. Mashina yote lazima yalale upande ule ule, ukikosea moja likaenda kinyume yatabanana na mengine yatavunjika. Ukifika la kumi utaanza kuona kwa chini mashina yanajifungua kama miguu ya kigoda na juu vichwa vinapanga duara vyenyewe. Yale ya damu ya mzee yashushe kidogo yazame ndani, yasiwe juu wala yasipangwe pembetatu ya kupimwa na rula, yaweke mawili yakaribiane na moja mbali. Funga kamba pale pale ulipokuwa umeshika, kata mashina sawa yabaki kama sentimita 20, likiwa limekaa vizuri litasimama lenyewe mezani. Upana wa juu usizidi sana sentimita 25, wewe ni bibi harusi wa hafla ndogo, shada kubwa litakufunika na shanga za kifuani hazitaonekana. Likae kwenye glasi ya maji mpaka dakika ya mwisho, halafu kausha mashina kwa taulo kabla hujazungushia utepe, maana maji ya mashina yanaacha doa la kijani kwenye gauni na halitoki. Na ukilishika, shika usawa wa kitovu, wasichana wengi wanalipandisha kifuani kwa woga na picha zote zinaharibika.

Ua la koti chagua lililofunguka nusu, dogo, na jani moja la waridi lenyewe kwa nyuma, basi. Linabanwa upande wa kushoto. Kwenye kanzu na joho pale Ujiji usimbane pini, joho zuri linatobolewa bure, asubiri avae suti jioni. Na lile la akiba akabidhiwe besti kwenye chombo kidogo chenye kitambaa cha unyevu, kwa sababu bwana harusi atakumbatiwa na wajomba wote na ua la kwanza litakuwa limepondeka kabla hajafika kwenye kiti.

Majani ya kujazia usiagize kutoka mbali. Kigoma tuna michikichi kila upande, chukua makuti machanga ukate vipande vifupi, yanavumilia joto na yana kijani kizito kinachoipendezesha krimu. Jani la mkaratusi nalo zuri na linanukia. Bogenvilia najua linakuvutia maana liko kwenye kila ukuta na rangi yake inawaka, ila likishakatwa linanyauka ndani ya muda mfupi, liache ukutani. Asumini ukiipata Ujiji itie kidogo tu kwenye meza kuu na kwenye kikuba chako, hayo mawaridi ya shamba mengi hayana harufu yoyote na watu wanategemea waridi linukie. Na hapa ndo yanaingia yale mawaridi ya bustanini niliyosema nitayarudia: waombe majirani, yachume Jumamosi asubuhi umande haujakauka, ya rangi yoyote ya pinki, uchambue petali uweke kwenye sinia pale ndoa inapofungwa, pamoja na mrashi. Hapo ndani nyumbani, pamekaa watu wachache na udi unafuka, sinia moja la petali zenye harufu ya kweli linatosha, usipapambe zaidi ya hapo.

Mezani vyombo viwe vifupi, maua yasizidi kimo cha sentimita 30 ili mtu amuone aliyekaa mbele yake, hafla ya watu hamsini raha yake ni kuongea. Badala ya chombo kimoja kikubwa weka vitatu vidogo kila meza, kimoja maua manne, kimoja mawili, kimoja lile moja la damu ya mzee peke yake. Chupa za asali zile za vioo zinafaa kabisa, ukitoa lebo. Ila mwezi wa tisa bado kuna upepo wa kusini unaotoka ziwani na alasiri unaweza kuwa mkali, kwa hiyo kila chupa tia kokoto za ufukweni robo, zinaipa uzito na zinashikilia mashina yasilale upande mmoja. Maua yatoke nje saa kumi na moja jua likishapoa, kabla ya hapo yakae chumba cha ndani pasipo feni, feni inakausha petali.

Umeuliza pia kama uchanganye na ya plastiki. Kwa kitu kinachoshikwa au kinachokaliwa karibu, hapana. Nyuma ya meza kuu, juu, mita mbili toka kwa watu, weka ya kitambaa ukitaka kuokoa bajeti, mradi rangi yake uilinganishe na krimu yako halisi mkononi, sio kwenye picha ya simu.

Na kabla hujatuma hela yoyote, kipande cha kitambaa cha wasimamizi na kipande cha gauni viweke pamoja nje kivulini saa nne asubuhi, vipige picha bila flashi, umtumie muuzaji, na umwombe yeye naye akupigie mawaridi yake kivulini nje, sio chini ya taa za duka. Fanya hivyo wiki tatu kabla, oda uithibitishe tena Jumatatu ya wiki ya harusi, na mtu wa kupokea boksi Alhamisi awe mmoja anayejulikana kwa jina na namba, asiwe wewe.